Chungu Kidogo cha Ambilikile

Mwaka umetimia, mke wangu Tupokigwe, tangu tarehe 14 Machi 1994, homa ya siku tatu ilipokuchukua. Zahanati walituambia dawa hakuna, nendeni dukani kwa Ridhwani. Niliporudi na vidonge mkononi ulikuwa umeshanyamaza. Hilo sijawasamehe, na leo nalisema watu wote wa Matema wasikie.

Ulikuwa mpole lakini si mnyonge. Mpunga wako haukuwahi kuota magugu. Sokoni Lyulilo wauza vyungu walianza kucheka wakikuona tu: "Huyo amekuja kutumaliza!" Mkishapatana bei unawaambia ndaga fijo, asante sana, hata yule aliyekupunja.

Wengi hawajui kwa nini ulinunua kile chungu kidogo. Leo wajue. Mwanetu Ambilikile alizaliwa mwaka 1984 njia ya mkojo imeziba. Tumbo gumu, mkojo unadondoka tone tone. Watu wakasema amelogwa. Wewe ukamfunga mgongoni mpaka hospitali kubwa, wakamfungua. Mimi nikafurahi, nikasema kapona, nikatoka nje kutafuta chai. Wewe ndiye uliyebaki kumsikiliza daktari: njia imefunguka, lakini figo ziliumia tangu akiwa tumboni, na ubaya wake huenda usionekane mpaka mtoto aanze kuwa kijana. Aletwe kila mwaka, apimwe damu na presha. Na kila baada ya saa chache akojoe, apumzike, akojoe tena, kibofu kibaki kitupu.

Basi tangu alipojua kusimama ulikuwa naye nyuma ya nyumba, yeye na chungu chake, wewe unahesabu mpaka hamsini kabla ya mara ya pili. Jirani yetu Odilia akakutania, "Mama Ambilikile, wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga mkojo?" Ukamjibu, "Kuku nitanunua, dada. Huyu nitamnunua wapi mwingine?"

Kisha ukaondoka. Siku ya kumaliza matanga ndugu waligawana vitu vyako, kama ilivyo desturi. Sanduku lako la bati alipewa dada yako Maria wa Makwale, likiwa limefungwa vilevile. Chungu, shangazi mmoja alikitupa, eti kinanuka. Nilikuwepo. Nikasema chukueni tu. Sikujua kwamba kadi ya hospitali ya mtoto iko mle sandukuni, chini ya vitenge, na tarehe ya kwenda imeandikwa humo.

Tarehe ikapita. Nilimwona mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kitandani, nikamkaripia. Wenzake wakampita kimo, nikasema ni mfupi kama babu yake. Wiki iliyopita akaamka macho yamevimba, viatu vya shule haviingii. Nikambeba kwenye baiskeli mpaka kituo cha afya. Karani wa dirishani akaniuliza:

"Kadi iko wapi, mzee?"

"Alikuwa nayo mama yake."

"Basi kamwambie mama yake akupe."

"Mama yake yuko makaburini."

Akaweka kalamu chini. "Pole, mzee. Lakini bila kadi naanzia wapi? Tena kalipie cheti kwanza, siku hizi matibabu ni kuchangia."

Hao ndio wakubwa wetu. Wamefungua nchi kwa biashara, madukani kuna redio na sabuni za kila rangi, lakini wa kukumbuka mtoto aliyefunguliwa njia ya mkojo hakuna. Mwaka mzima huu hakuna aliyeuliza, yule wa Matema yuko wapi? Ungekuwa wewe ungeuliza. Nawalaumu wote. Lakini sanduku nililitoa mimi, Tupokigwe. Kwako siwezi kuficha.

Maria aliileta kadi kwa miguu kutoka Makwale, ameifunga kwenye nailoni, yeye mwenyewe amelowa mvua chepechepe. Ndipo wakampima. Daktari mgeni, binti mmoja anaitwa Samira, hakunizungusha. "Baba, figo zimechoka, lakini hazijafa. Zitadumu kiasi gani, siwezi kukuahidi. Dawa ya presha kila siku, na Alhamisi mpeleke hospitali ya rufaa."

Nikamuuliza, "Na zikifa?"

Akainama, akapanga karatasi zake.

Naogopa, mke wangu. Naogopa kila asubuhi kabla hajafumbua yale macho. Naogopa maji yaliyojaa barabarani, basi lisije likashindwa kupita Alhamisi. Naogopa kukuletea huko mtoto uliyeniachia huku.

Nimenunua chungu kingine Lyulilo. Safari hii wauza vyungu hawakucheka. Jana nilisimama na Ambilikile nyuma ya nyumba, nikahesabu. Akanigeukia, "Baba, unakimbia. Mama alikuwa anahesabu polepole."

Nikaanza upya, kuanzia moja.

Unakumbukwa na mumeo Zebedayo, mwanao Ambilikile, dada yako Maria wa Makwale, kaka yako Eliud wa Ngana, jirani yako Odilia aliyekutania na sasa anamchemshia mtoto maji, na wanakwaya wenzako wote.

Hatutakusahau hata siku moja. Na Alhamisi, kadi iko mfukoni mwangu.