Mama mkwe analiogesha jiko la umeme

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijavunja nyumba au hatujazika mtu, maana sijui kipi kitatangulia. Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu alipostaafu, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na huko wakimaliza kupika walikuwa wanamwagia jiko la kuni ndoo nzima ya maji na kulisugua, sasa hapa kwangu tuna jiko la umeme la pleti nne na oveni, na yeye kila tukishakula mchana anavua viatu, analimwagia maji ya sabuni, analisugua kwa waya wa sufuria hadi kwenye swichi zake, halafu ananiita, "Mwanangu, njoo ujitazame!" na kweli, dada, linang'aa hadi ungejipaka wanja mbele yake. Juzi niligusa mlango wa oveni nikapigwa shoti mpaka mwiko ukaruka, nikamwambia mume wangu, naye akasema, "Mama usimguse, hiyo ndiyo kazi pekee iliyomsalia," na ni kweli, kufua tumemkataza kwa sababu ya mgongo, sokoni haendi kwa sababu ya magoti, na jamani nampenda, ndiye aliyenilelea mapacha nilipokuwa hoi kitandani, sasa nitaanzaje kumwambia kwamba hata jiko hajui kuosha? Siku hizi nawahi kulipangusa mimi, naye analitazama, anaguna, anajaza ndoo.

Mkwe Mwoga

Pole, mwanangu. Nimecheka hapo kwenye wanja, kisha kicheko kikanikauka. Jiko lililokupiga wewe litampiga na yeye, tena yu pekupeku kwenye maji, na mtu wa magoti mabovu haruki kama mwiko. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe na mumeo mnalinda moyo wa mama huku mwili wake mmeuachia umeme, na hiyo si heshima hata kidogo.

Leo hii zimeni swichi ya ukutani na msiiwashe tena mpaka fundi wa umeme alifungue jiko, alikague na kuangalia waya wa kwenda ardhini. Pikeni kwa mkaa, ombeni jiko kwa jirani, hamtakufa njaa.

Likishapona, kazi usimnyang'anye. Swichi ya ukutani izimwe kwanza, pleti zipoe. Nyavu na trei za oveni zinatoka, mpe beseni na sabuni azisugue atakavyo, huko waya wake ruksa. Jiko lenyewe ni kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha kikavu. Ndoo isilisogelee kabisa. Na mumeo ndiye amkabidhi mama ufunguzi wa shughuli hiyo: pasipo mama kusema "zimeni", hakuna anayegusa. Mpishi mkuu hajastaafu, amebadilishiwa jiko tu.

Sasa lile unalolikimbia. Usimwambie hajui kuosha, nani kakutuma? Mkalie karibu, mshike mkono, mwambie, "Mama, jiko limenipiga shoti, na mimi naogopa kukukuta sakafuni." Pengine atanuna, atakula kidogo, atakusemea kwa mwanawe kwamba umemsimanga. Mwache anune, mwanangu. Anayenuna yu hai.