Sumaku kwenye Droo ya Baba

Don Mills, Toronto
8 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na magoti yamepunguza ukorofi. Sisi hatujambo. Shabnam anakusalimu. Mjukuu wako Zara anakusalimu pia, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Najua simu husikii tena, kwa hiyo barua nimemtumia jirani yako Marziya akuchapie kwa herufi kubwa. Ukijibu, andika kwa mkono wako, yeye aipige picha.

Habari kubwa: naenda Japani! Yule Mzee Sam anayetufundisha upanga, Mjapani mzaliwa wa huku huku, ana miaka sabini na saba, anatupeleka wanafunzi sita mwezi ujao. Yeye mwenyewe atafanya mtihani wa daraja ambalo limeshamkataa mara nne. Kila Jumanne, miaka sita sasa, ananisahihisha namna ya kuweka kidole gumba, na hajanichoka.

Usiogope habari ya panga. Wajapani wana sheria zao. Upanga wa mazoezi lazima uwe wa aloi, madini ya kuchanganya, usionasa sumaku, ukae ndani ya mfuko uliofungwa kamba, na barua ya chama uwe nayo hata ukipanda treni. Wa feleji, yaani chuma cha pua, uliofuliwa kwao huenda na hati yake ya usajili, na wa feleji kutoka nchi nyingine hauingii kabisa. Sam amejaza fomu zetu na kusaini kama mdhamini. Nimecheka peke yangu. Mimi mtoto wa wakala wa forodha wa Tanga, nishindwe na watu wa forodha?

Mwanao,
Muntazir


Tanga
13 Septemba 2024

Mwanangu Muntazir,

Marahaba. Mimi mzima, ila magoti yana serikali yao. Barua yako nimeipeleka barazani kwa Bahadur na kuwasomea wote. Sasa Tanga nzima inajua kwamba Muntazir wa Nazarali anakwenda Japani na upanga. Bahadur anauliza kama utarudi na mke wa pili. Nimemwambia asimtafutie mwanangu balaa.

Neno moja la kazi. Miaka thelathini na nane nimepitisha mizigo bandarini. Watu hawazuiwi kwa sababu ya kilichomo sandukuni. Wanazuiwa kwa sababu kilichomo sandukuni na kilichomo kwenye karatasi havijuani. Kagua kwa mkono wako. Na kabla hujatoka, Shabnam akufunge mkononi sarafu ya dua na akupitishe chini ya Qurani, kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yako.

Msalimie Mzee Sam. Mtu aliyekufundisha miaka sita ni mzazi.

Baba yako


Don Mills
29 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi ni wazima wa mwili.

Safari haikwenda vizuri. Kule uwanja wa ndege ofisa mmoja kijana, amevaa glavu nyeupe, aliuchomoa upanga wangu kidogo akaweka sumaku. Ikanasa. Akaibandua, akaiweka tena, ikanasa tena. Kumbe ni feleji! Muuzaji wa huku alinidanganya, Baba, aliniambia ni aloi. Wameuchukua. Nilisaini kwamba nimeuacha, na tulikaa katika chumba chao saa tano pamoja na mkalimani.

Sam alikaa nami saa zote tano. Aliinama mbele ya yule kijana mara nyingi, na kila mara aliinama chini zaidi. Na siku ya mtihani hakwenda. Alisema aliyesaini bila kukagua hana uso wa kwenda kupimwa.

Sitaki kuandika zaidi leo.

Mwanao,
Muntazir


Tanga
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Nimelia kwa ajili ya huyo mzee mwenzangu. Usijilaumu. Mwenye haki hanyongeki, na dhambi yote iko kwa muuzaji.

Alhamisi baada ya majlisi nilisimama nikawasimulia watu, tukamwapiza. Watu hamsini wakaitikia amina. Bahadur alitaka jina lake ili dua isipotee njia. Nikasema mwanangu hakulitaja, ila Mungu anamjua.

Kula vizuri. Msalimie Shabnam na Zara.

Baba yako


Tanga
10 Novemba 2024

Muntazir,

Hujambo? Nimeisoma tena barua yako ya Japani na kuna jambo haliniingii.

Droo yangu ya ofisini ilikuwa na sumaku, ile ya umbo la kwato, nyekundu, rangi imebanduka. Aliyekuwa akiibeba tukienda ghalani kukagua shaba chakavu ni wewe. Ulikuwa na miaka minane, na wenye mizigo walikuogopa kuliko walivyoniogopa mimi. Sasa wewe uliyekua na sumaku mkononi ulikaa na upanga nyumbani kwako, ukaambiwa utapimwa kwa sumaku, na hukuugusisha hata mara moja?

Nijibu.

Baba yako


Don Mills
5 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila nikianza kuandika nafika kwenye salamu naacha.

Niliugusisha. Yaani si mimi hata, ni Zara. Friji yetu ina sumaku ya umbo la nanasi. Zara aliibandika kwenye upanga akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba inanasa. Nilimwambia asichezee vitu vya watu wazima.

Muuzaji hakunidanganya. Kwenye risiti aliandika feleji, tena kwa herufi kubwa. Nilitaka ule kwa sababu ulikuwa mzito na ukikata hewa unalia, na wa aloi ningeusubiri nusu mwaka. Sam haruhusu feleji mpaka yeye mwenyewe aone uko tayari. Nikamwambia ni aloi, naye akaandika aloi kwenye fomu kwa mkono wake.

Unajua nilitegemea nini? Utotoni nilikuona unacheka na maofisa wa bandari, unawauliza habari za watoto, na mzigo unapita. Nikadhani kazi yako ilikuwa kile kicheko. Nikasema nami nitamchangamkia yule kijana, anipitishe. Hata hakuniangalia usoni.

Sam alinigeukia akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Hapo ndipo alipoanza kuinama.

Tuliporudi, Zara alinisikia nikimsimulia mama yake habari ya muuzaji. Alinitazama tu, akaenda chumbani kwake. Ile sumaku ya nanasi haipo tena kwenye friji na sithubutu kuuliza iko wapi. Naona haya, Baba. Namwonea haya mtoto wa miaka kumi na tatu. Mazoezini sijarudi. Sam hupiga simu kila Jumanne kuuliza kama naumwa. Sipokei.

Muntazir


Tanga
9 Machi 2025

Muntazir,

Mungu atutakabalie saumu zetu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na aibu yangu ya kumaliza kwanza.

Nilimwapiza mtu aliyeandika ukweli kwa herufi kubwa. Dua ile nisingeweza kuiacha juu ya kichwa cha mtu asiye na kosa. Alhamisi ya mwisho kabla mwezi haujaandama nilisimama, nikashika kiti, nikawaambia, "Muuzaji hana kosa. Mwanangu amesema uongo." Bahadur akasema yaliyopita si ndwele. Nikamwambia ndwele hii imetoka nyumbani kwangu, acha niitaje. Tangu siku hiyo sijakwenda barazani.

Umesema uliniona nikicheka na maofisa. Kweli, nilicheka nao. Lakini kabla ya kicheko karatasi zilikuwa zimeshafika mezani, na zilikuwa za kweli. Wewe ulikuwa mfupi, mezani hukuona. Ilikuwa juu yangu kukunyanyua uone.

Zarina, yule anayekaa huko karibu nanyi Pickering, alikuja Tanga kuwaona ndugu zake. Nimempa bahasha yako, kaichukue. Sam usimpigie simu wala usimwandikie. Nenda kwake kwa miguu yako. Mpaka uende, usiniandikie.

Baba yako


Don Mills
27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Eid njema, ingawa imeshapita. Magoti je? Sisi hatujambo.

Nimekwenda. Bahasha niliifungulia ndani ya gari nje ya nyumba ya Zarina, nikaikuta sumaku nyekundu, nzito kama nilivyoikumbuka. Nilikaa pale mpaka Zarina akatoka kuuliza kama gari limekataa kuwaka.

Jumanne iliyofuata Zara aliomba kunifuata, sikumkatalia. Nilisema mlangoni pa ukumbi wa mazoezi, viatu mkononi, mbele ya Sam na wenzangu watano. Nilisema yote, hata habari ya nanasi. Sam alisikiliza akitazama sakafu. Aliuliza swali moja: kwa nini sikusema pale aliponiuliza? Nikamwambia niliogopa.

Akasema, "Mimi pia niliogopa. Niliogopa kwamba sitapata nafasi nyingine."

Hataipata, Baba. Daktari amemkataza safari za ndege ndefu. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba. Aliitaka ile sumaku, akaigeuzageuza, akauliza ni ya nani. Nikamweleza habari zako na za ghala. Akanirudishia, akanionyesha pa kusimama.

Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Kila Jumanne nasimama mlangoni nagusisha sumaku kwenye kila upanga kabla haujaingia, na wenyewe wanajua kwa nini nimewekwa mimi. Masikio yananiwaka mpaka leo. Mazoezi nafanya kwa upanga wa mti pamoja na wanaoanza. Jana asubuhi niliikuta sumaku ya nanasi imerudi kwenye friji. Nilikunywa chai yangu nikiitazama.

Kwenye mstari wa mlangoni, wa kwanza huwa Sam. Hakuna anayemdai kupimwa, lakini huja mbele ya wote, ananinyooshea upanga wake kwa mikono miwili, na kabla sijaugusa anainama. Nimemwomba asiiname. Anainama.

Mwanao,
Muntazir