Kwa Nakiete, Niliyemwambia Asubiri

Nakiete, mtoto wa kaka yangu,

Wiki iliyopita ulinipigia simu kutoka Ndungu. Ulisema shikamoo, nikaitika, ukaniuliza magoti yangu, nikakuuliza joto la huko tambarare. Kisha tukanyamaza wote wawili mpaka mtandao ukakatika, na nadhani wote tulishukuru. Tangu uteremke kwenda kusimamia duka la mjomba wako, lile jambo hatujalitaja. Nalitaja leo, tena hadharani, labda mlezi mwingine atasoma kabla hajamwambia kijana wake nilichokuambia wewe.

Uliporudi milimani na cheti chako cha kompyuta, tulikuwa tunapukuchua maharage uliponieleza habari za programu huria. Ulisema ni programu ambazo maandishi yake yamewekwa wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma na kutengeneza palipoharibika, na wengi wa wanaozitunza wanajitolea.

"Ni msaragambo, shangazi," ulisema. "Ila huku huoni nani kaja na jembe bovu."

Nilicheka sana. Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja hapa Upare, tunapoitana kusafisha mfereji au kutengeneza barabara, na mfano wako ulinikaa. Ulinikaa kupita kiasi.

Kituo cha mafunzo cha Arusha ulichotaka kujiunga nacho kilitaka kila mwombaji aonyeshe kazi moja tu, hata ndogo, iliyopokelewa katika programu ya namna hiyo. Basi ukaanza kutafuta. Kila siku ulipanda hadi kwenye ukuta wa kanisa, ambako mtandao unashika, ukapekua orodha za matatizo. Ulirudi ukilalamika: hii imeshachukuliwa, ile wameandika ni ya wageni lakini hata mwenyeji haiwezi, nyingine imesahaulika miaka. Wiki ya tatu ulirudi unakimbia.

"Shangazi, nimeipata! Ni ya kwetu kabisa!"

Ilikuwa programu ya kutunza rekodi za mvua. Mtu fulani alikuwa amelalamika kwamba siku ambayo hakuna aliyepima inahesabiwa kama siku isiyo na mvua. Tulitazamana tukacheka, maana wote tulikumbuka jambo moja. Ulipokuwa darasa la tano, nami ndiye mwalimu wako, nilikukabidhi kipima mvua cha shule. Ukaenda kipaimara cha binamu yako siku mbili, na uliporudi ukajaza sifuri mbili ili nisikugombeze. Nilikufutisha zote mbili. Nilikueleza, nadhani kwa nusu saa nzima, kwamba sifuri ni jibu la mtu aliyekwenda kuangalia, na asiyekwenda anaweka kistari. Ulilia. Sasa ulikuwa umekaa kwenye kigoda changu, mtu mzima, unaifundisha kompyuta somo lile lile. Kesho yake ulikuwa umeshalitengeneza tatizo hilo. Ulinionyesha: siku tupu zikabaki tupu, na wastani wa mwezi ukakaa sawa.

Hapo ndipo nilipouliza, "Umepewa hiyo kazi?"

"Sijapewa. Nimeiona tu."

"Basi omba, usubiri upangiwe. Mgeni hajikatii kipande."

Kwenye msaragambo msimamizi hupima mfereji kwa hatua, akasema wewe hapa, wewe pale. Anayejichimbia anakochagua hufikiriwa anatafuta sifa. Kwa hiyo uliandika kwa adabu zote ukiomba ruhusa, ukangoja. Siku ya tatu uliniuliza, "Niitume tu, shangazi? Iko tayari." Nikakujibu, "Watasema hukulelewa." Ulinitazama kidogo, ukaenda kuchota maji.

Siku ya tisa mtu mwingine, hatujui wa nchi gani, alituma ya kwake bila kuomba chochote. Ikapokelewa siku hiyo hiyo. Msimamizi wao alikuandikia kwa upole, na ulinisomea umesimama mlangoni: samahani, hatukuuona ujumbe wako mapema, na hapa hatugawi kazi, ungetuma tu.

"Wanasema ningetuma tu," ulirudia.

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Hao hawana utaratibu."

Nakiete, nimeyatafakari maneno hayo kuliko yote niliyotamka darasani. Ulikuwa umepoteza kitu mbele yangu, nami nikakimbilia kujitetea. Ulifunga kompyuta, siku ya mwisho ya kutuma maombi ikapita, na mwezi uliofuata ukateremka.

Nilikuwa na ujuzi wa kutosha kutofanya kosa hilo. Niliona kwa macho yangu masika yale kingo za ndiva, bwawa letu la maji ya mfereji, zilipobomoka na maji ya akiba yakaanza kwenda korongoni. Hakuna aliyepima hatua. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa majani aliurusha mzigo wake kwenye tundu akaukalia, akapiga yowe wengine waje. Hatukumuuliza nani kampangia. Orodha yako ya matatizo ilikuwa bwawa linalovuja, mimi nikaiona kama mfereji wa kugawana.

Na ukweli wenyewe haukuwa adabu. Niliogopa. Niliogopa usije ukakataliwa na watu nisiowafahamu, mahali nisipoweza kwenda kukusemea. Nikaupa woga wangu jina zuri, nawe ukauheshimu kwa sababu nilikulea uheshimu ninachosema.

Sitakuomba urudi. Mjomba wako anasema unaliendesha duka vizuri, na hilo nalo ni jambo. Lakini alisema pia kwamba mchana wateja wakipungua unafungua ile kompyuta, na ukimwona unaifunga. Usiifunge. Ukiipata kazi nyingine unayoiweza, usiniulize mimi, wala usimuulize yeye. Itume. Wakiikataa, nipigie unitukane kidogo, nitasikiliza bila kueleza chochote.

Nisamehe, mwanangu.

Shangazi yako