Vidonge vya Siri vya Mume Wetu

Jumatatu, 4 Machi

Mke mwenzangu,

U hali gani, mjukuu wangu? Unakula, au unashindia chai? Mimi mzima, ila magoti yamenigomea. Anayeandika ni mshonaji jirani, kwenye simu yake. Nimemwapisha: akitoa siri, nammeza na cherehani yake.

Mume wetu karudi kutoka hospitali juzi, nyonga imetiwa vyuma. Wamempa mofini ya maji ya kuua maumivu, ametulia. Vile vidonge ulivyotuma vya kuzuia mkojo nampa vilevile. Kitanda kikavu, nafurahi. Daktari aliuliza kama anatumia dawa nyingine, nikasema hapana. Wakwe wamejaa pale, nimwambie babu yako anajikojolea?

Bibi yako

Jumatano, 6 Machi, asubuhi

Mke mwenzangu,

Mbona kimya? Salamu baadaye. Tangu arudi hajapata choo. Tangu jana hata mkojo hakuna, na tumbo limekaza kama ngoma. Kinywa kimekauka, ulimi unagandia. Anamwita kaka yake amfungulie mlango, na kaka yake tulimzika zamani. Akianza neno, analala kabla hajalimaliza. Nimwongezee dawa?

Bibi yako

Jumatano, saa saba mchana

Shikamoo Bibi,

Simu yangu iliharibika, nimesoma yote sasa hivi kwa simu ya mwenzangu, hapa duka la dawa ninapouza. Usimpe hata tone wala kidonge. Mofini inalaza utumbo na kupunguza pumzi. Vidonge vyangu navyo vinakausha mwili na kufunga kibofu. Dawa hizi mbili zikikutana zinamfunga mtu kote na kumchanganya akili. Mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje jioni. Beba chupa na vidonge vyote. Bibi, useme. Nilivituma mimi bila kumuuliza daktari, nitaje mimi.

Mjukuu wako

Alhamisi, 7 Machi

Bibi, shikamoo. Mmefika? Mshonaji hapokei simu. Niandikie hata neno moja.

Mjukuu wako

Ijumaa, 8 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Simu ya mshonaji ilizima, na hapa wodini hakuna pa kuchajia; leo ameichaji dukani nje, ndiyo tunakuandikia.

Tulifika anapumua mara moja, mimi nahesabu mpaka saba ndipo avute nyingine. Daktari akauliza tena, wakwe walewale wamesimama. Nikasema: mume wangu anakojoa kitandani, anameza hivi. Wakapitisha mpira, mkojo ukajaza mfuko. Wakamchoma sindano ya kuivunja ile mofini, akafumbua macho.

Tumbo bado halijanguruma, wala choo hajapata. Daktari kila akija analisikiliza kwa mpira wake wa masikioni, na mimi naogopa kumuuliza.

Wewe usijiue kwa mawazo. Ulituma kwa huruma, mimi nikaficha kwa aibu. Tumekosa wote.

Leo amenijua. Amesikia nilivyomtangaza, kanigeuzia mgongo, hataki hata maji ya mkono wangu. Na anune. Nimekaa hapa nyuma yake, nautazama huo mgongo unavyopanda na kushuka.

Bibi yako