Jina langu nililisikia, la marehemu sikulisikia

Ijumaa, Mabawa. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nami niko hivyo hivyo, nimejaa na simwagiki.

Leo naandika kwa hasira. Mola anisamehe.

Juzi adhuhuri nilikuwa nachagua mchele, redio iko juu ya kabati, ndiyo saa ya matangazo ya vifo. Sisi simu hatuna. Mtu akifa Pemba au Pangani, redio ndiyo inayotuita: fulani kafariki, atazikwa mahali fulani, habari ziwafikie fulani na fulani. Na maiti wetu hakai. Tangazo likikupita mchana, jioni kashafukiwa.

Basi Saidi, jirani yangu mwenye banda la video, akawasha jenereta lake. Tangu iwe ruksa kuleta vitu kutoka Dubai, mtaa mzima unanguruma. Redio yangu ya masafa ya kati ikaanza kuchachatika kama mafuta ya kukaangia samaki. Katikati ya kelele hizo nikasikia wazi kabisa: "...na Bi Mwanahawa Juma wa Mabawa, Tanga." Kisha mngurumo tena.

Jina langu. Aliyekufa sikumsikia.

Nikatoka mbio kuuliza majirani. Kila nyumba redio inachachatika vile vile. Nikamwomba Saidi azime kidogo, huenda wangerudia.

"Mama Abdi, nina watu ndani wameshalipa," akasema. "Na hayo masafa ya kati yanakufa hayo. Tafuta redio ya FM uburudike."

Niburudike. Nimetajwa kwenye msiba, ananiambia niburudike.

Mwanangu Abdi yuko Wete, Pemba, anachuma karafuu kwa kaka yangu Hamadi. Dada yangu Mwanaidi yuko Ushongo, anaumwa tangu mfungo. Nikajiambia ni dada. Lazima awe dada, maana mwingine sikuthubutu hata kumfikiria.

Nikavuka kivuko cha Pangani nimejifunika kanga mbili, nalia, watu wananipa pole. Nafika Ushongo, namkuta dada kakaa barazani anakula muhogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kunizika? Basi ngoja nimalize muhogo wangu."

Nilicheka huku nalia. Mkwe wake Fatuma akanishika mkono, akanivuta jikoni. Huko kwao hakuna jenereta, redio inasema kama mtu aliye mbele yako. Alisikia yote, akamficha dada kwa sababu ya ugonjwa, akanisubiri mimi nije nimwambie.

"Ni mjomba Hamadi," akasema. "Kazikwa alasiri."

Nikasema alhamdulillahi.

Fatuma akanitazama. Sikuweza kumweleza. Kaka aliyenilea, aliyekuwa akinimenyea chungwa nikiwa mtoto, kafa, na neno la kwanza kinywani mwangu ni shukrani kwamba si Abdi. Neno hilo nitakaa nalo. Lakini nani alinifikisha hapo, nikabaki njia nzima nachagua nani wangu afe?

Dada nilimwambia mwenyewe. Muhogo hakuumaliza.

Bila shaka Abdi ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mjomba wake, huku anatazama njia kama mama yake anakuja. Mama yake alikuwa kivukoni, analia msiba usiokuwepo.

Leo Saidi kaja kunipa pole na sukari. Nikamwambia rudi nayo. Nataka nusu saa tu, kila adhuhuri, jenereta lizimwe.

"Hiyo redio wataifunga tu, Mama Abdi. Leo au kesho."

"Siku watakayoifunga, utakuja wewe kuniambia nani kafa Pemba?"

Kaondoka na sukari yake, na baada ya sala ya Ijumaa kaliwasha lile lile.

Hao wenye FM zao wanasikia muziki safi, sawa. Wasikie. Mimi sitaki muziki. Nataka jina la mtu wangu linifikie kabla ya udongo.

Kesho adhuhuri nachukua kigoda changu, nakaa mlangoni pa banda lake, redio mapajani. Anayetaka kuangalia video aniruke. Saidi aje anitoe mwenyewe, mtaa mzima utazame.

Abdi bado yuko Wete.