Diski za Redio Zimeonekana, Mama

Msamala, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeangalia kila basi linalotoka huku bila kuona bahasha yangu. Nisamehe. Ni uchovu, na pia sikutaka kukuandikia kabla sijapata jibu la kazi. Magoti yanaendeleaje? Na mwanangu Shamila, bado anakataa uji? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila baridi ya huku haijanizoea.

Ile kompyuta hapa redioni, inayoendeshwa kwa mfumo uitwao Unix na inayotunza nyimbo, salamu na matangazo ya misiba, kadi yake ya kuunganishia diski ilikufa. Tukanunua nyingine, tukaichomeka, mashine haikuona diski hata moja. Meneja akanikumbusha mbele ya watu kwamba niko kwenye majaribio, nikishindwa ataleta mtu kutoka Dar. Nikamuwaza Shamila. Bila kazi hii namlea wapi?

Nikasoma maelekezo, kumbe kadi ina draiva yake, programu ndogo ya kuielewanisha na mashine. Nikaiita kwa amri, diski zikatokea zote, watangazaji wakaniita mganga. Kesho yake umeme ukakatika. Uliporudi, diski hazipo, salamu za asubuhi hazikwenda hewani. Mtangazaji mmoja, Mngoni anayependa kunitania, akasema, "Mganga wa Tunduru, dawa yako ya siku moja."

Nikacheka mdomoni tu. Ndipo nikakumbuka ulivyomkatalia Baba Shamila kushika jembe shambani kwetu mpaka mjomba asimame kumtambulisha kwa ukoo. Mama, draiva ndiye mjomba wa ile kadi, na mimi nilimwita watu wameshakaa, tena kwa siku ile tu. Mashine ikizimika inasahau. Basi nikaandika jina la draiva kwenye faili ambalo mashine hulisoma kila inapoamka, kabla ya kazi yoyote. Halafu nikamwomba meneja azime umeme kwa mkono wake. Akasita.

"Zima, Baba," nikamwambia. "Kama inashindwa, ishindwe ukiwa umesimama hapa."

Akazima, akawasha. Ikaamka yenyewe, diski zote zipo. Wiki hiyohiyo nikasaini mkataba.

Kwa hiyo Mama, lile la Shamila kubaki kwako mpaka aanze shule, hapana. Umemlea vizuri, sina cha kukulipa, lakini namchukua. Usinune.

Nisalimie mjomba Saidi aliyesimamia ndoa yetu, na dada Mwajuma anayekusomea hapa, asiruke hayo ya juu. Baba Shamila akitoka machimboni mwambie nimepata chumba chenye dirisha.

Shangazi Asha akija huku, mpe mchele wa kwetu, korosho kidogo, kadi ya kliniki ya Shamila, sweta lake, ile kanga yangu kuukuu anayolalia, usiifue, na Shamila mwenyewe.

Mwanao,
Mama Shamila