Funda Moja la Divai ya Bwana Kofia

Nekoye, mke wa Walubengo,
Kwa anwani ya duka la Om Prakash,
Kimilili.
14 Agosti 1950

Kaka yangu mpendwa Wabwile,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Walubengo. Hujambo huko Mombasa? Rispah na watoto hawajambo? Lile joto unalolilalamikia kila mara limepungua? Sisi kwa mwili tu wazima. Mama mkwe miguu inamsumbua, lakini anakula. Watoto wana mafua. Mimi ni moyo ndio unaouma, na sitakuficha: umeniudhi, kaka.

Barua yako niliisoma nimesimama hapo dukani, nikaikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena, maana sikuamini ni mkono wako. Ati shemeji yako ni mlevi! Ati ametutia aibu, arudi Kitale akampigie mzungu magoti! Nani amekuambia hayo? Sasa nisikilize mimi, na usishike kalamu kabla hujafika mwisho.

Unamjua Bwana Kofia, yule mzungu tuliyekaa kwenye shamba lake kule Kitale, upande wa Endebess. Unajua wazungu wenzake walivyomcheka alipopanda mizabibu kule juu kwenye baridi, mahali ambapo hata maharagwe yanaungua kwa jalidi. Nani alikuwa akiamka kabla ya jua kuchomoza, afukize moshi kati ya mistari ili maua yasife? Walubengo. Nani alizikanyaga zabibu mpaka miguu ikawa myeusi, watoto wakamcheka? Walubengo. Nani alilifunika pipa kwa magunia kama mtoto mchanga? Basi, huyo mlevi wako ndiye.

Mwezi wa sita divai ikawa tayari. Bwana Kofia akaalika majirani, mabwana na mabibi, wakakaa barazani. Walubengo akavalishwa kanzu nyeupe, akaambiwa afungue chupa ya kwanza awamiminie wageni.

Haya, wewe ni mtoto wa Kibukusu. Zamani zile kabla hatujabatizwa, mama akipika busaa, nani alionja kwanza? Si yeye mwenyewe, mbele ya macho ya wageni, wajue haina kitu ndani? Ukimpa mgeni pombe ambayo hujaionja, anakwenda kusema ulitaka kumuua. Basi Walubengo akamimina kidogo kwenye glasi moja, akasimama wima mbele yao, akapiga funda moja, akameza. Akasema, “Ni nzuri, bwana. Karibuni.”

Heshima tupu, kaka! Heshima tupu!

Bwana Kofia akamnyang’anya ile glasi, akaibamiza ukutani. “Wewe mwizi! Wewe nakunywa mbele ya wageni yangu!” Akamkumbusha sheria, kwamba mwafrika haruhusiwi kugusa pombe yao. Akatuamuru tuhame kabla mwezi haujaisha, na mahindi yetu ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Usidhani nilimwimbia nyimbo nzuri alipofika nyumbani. Nilimwakia! Mimi niliyeahidi kanisani kwamba pombe haitaingia mdomoni mwangu, nifukuzwe kwa ajili ya divai? Nikamwuliza, kwa nini hukumimina tu ukanyamaza? Akanijibu polepole, unajua anavyozungumza. “Ningewapaje watu kitu nilichokikanyaga kwa miguu yangu bila kukionja?”

Nikamwuliza basi ilikuwaje, hiyo divai ya kutuhamisha. Akasema mwanzoni ni kali, inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Halafu, ukishameza, inarudi harufu ya zambarau zilizoiva na udongo uliopata mvua. Alisema hivyo anatabasamu, na mimi nikazidi kukasirika.

Siku zikapita, akaja Kiptanui, mpishi wao, na ujumbe kutoka kwa memsahib, mkewe Bwana Kofia. Tutabaki, shamba letu litabaki, ikiwa Jumapili Walubengo atasimama mbele ya wageni wale wale aseme aliiba. Kaka, nilifurahi! Mimi mwenyewe nilimfulia shati. Mimi mwenyewe nilimfundisha maneno. Sema tu, yaishe, nilimwambia. Ni yale yale unayoniandikia wewe sasa.

Jumapili tukasimama chini ya ngazi. Glasi zilikuwa mezani. “Sema, mimi mwizi,” akaamuru Bwana Kofia. Walubengo akasema, “Mimi...” Akakwama. Mtu ambaye hajaokota hata gunzi la jirani, Wabwile! Nikasikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi.

“Hakuiba! Kwetu aliyeitengeneza ndiye anayeonja, mgeni asiogope! Aliwaheshimu ninyi!”

Bibi mmoja aliinamia glasi yake. Kesho yake tukapakia vitu kwenye mkokoteni, mama mkwe juu ya magodoro, na mahindi tukayaacha yamesimama. Kwa hiyo ukitaka kumtukana mtu kwa ajili ya mahindi hayo, nitukane mimi.

Juzi nilikutana na Kiptanui sokoni. Ananiambia wale wageni waliiona divai chachu, wakaimwaga kwenye maua Bwana Kofia alipogeuka. Aliyeipenda ni mmoja tu, naye ndiye aliyefukuzwa. Nilicheka pale sokoni mpaka machozi yakatoka, na hayakuwa ya kicheko.

Jumamosi majirani walikuja kutuona. Nyumba bado haijakandikwa. Nikapika chai. Kabla sijawapa, Walubengo akachukua kikombe, akasimama mbele yao, akaonja. “Ni nzuri. Karibuni.” Wakaitikia asante, wakanywa, wakaanza habari za mvua.

Ukipata likizo njoo, naye ataonja mbele yako pia. Lakini ile radhi uliyotaka ipelekwe Kitale, ibebe mwenyewe uilete hapa Kimilili, umpe shemeji yako mkononi.

Msalimie sana Rispah, na binamu yetu Nakhungu, na mkumbatie mwanao Wakhungu mdogo. Mama mkwe anakuombea usingizi mwema na mikono isiyochoka. Mungu akulinde na hilo joto.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira nawe na anayekupenda vile vile,
Nekoye